Wageni wa Miaka Themanini

Oktoba 2016 kundi la Wamakonde lilitoka Kwale, Pwani ya Kenya, likashika njia ya Nairobi. Walikuwa mamia: wazee, kina mama, vijana. Safari yenyewe ilikuwa ya hatari, kwa sababu mtu mzima asiye na kitambulisho anaweza kukamatwa kwenye kizuizi chochote cha polisi kati ya Pwani na mji mkuu, na walichokuwa wakienda kukidai ni kitambulisho hichohicho. Walipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wasajiliwe kabla ya mwaka kwisha. Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde hawakungoja siku ya tatu. Tangu miaka ya 1930 waliandikwa kazi huko kaskazini mwa Msumbiji, wakaletwa kukata mkonge na miwa katika mashamba ya Kwale, Taita Taveta na Kilifi. Wengine walifuata baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza Msumbiji mwaka 1964. Wakaoa, wakazaa, wakazikana. Vinyago vyao vya mpingo vikauzwa kwa watalii wa Pwani, na mtalii akarudi kwao akiamini amebeba sanaa ya Kenya. Kazi ikahesabiwa ya Kenya, kinyago kikahesabiwa cha Kenya. Mchongaji, siku ya kuulizwa karatasi, akawa bado mgeni.

Mtu akitajiwa ubaguzi, akili humwendea Afrika Kusini ya makaburu au Marekani ya viti vya nyuma vya basi. Ukatili wa aina hiyo haujaisha duniani, wala sitaki kuupunguza uzito. Lakini ubaguzi ninaouona umeenea zaidi siku hizi ni ule wenye adabu. Unakaa nyuma ya dirisha la ofisi ya usajili, unakusikiliza mpaka mwisho, kisha unakuomba karatasi moja zaidi ya zile alizoombwa jirani yako. Cheti cha kuzaliwa cha baba. Cha babu. Barua ya chifu. Wazee watakaoapa kwamba wanaujua ukoo wako. Jirani yako mwenye jina lililozoeleka ameingia na kutoka. Wewe hukunyimwa kitu. Umeambiwa tu uende ukailete ile karatasi, na karatasi ile haipo, haikuwahi kuwapo, na anayekutuma anajua.

Tarehe 10 Desemba 1948, jijini Paris, nchi 48 zilipigia kura Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu. Nane zilijizuia, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Ibara ya 15 ya tamko hilo inasema kila mtu ana haki ya kuwa raia wa nchi fulani, na kwamba haifai mtu kunyang'anywa uraia wake kiholela. Ni ibara fupi, na aghalabu haisikiki midomoni mwa wanasiasa. Hata hivyo nyingine nyingi zinaning'inia juu yake: elimu, kazi, kura, mali, kusafiri, kufikishwa mahakamani kwa haki. Binadamu ana haki hizo kwa kuwa binadamu, ndivyo tamko linavyosema. Lakini karani anazitoa kwa mwenye namba.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, linataja watu takriban milioni 4.4 duniani ambao hawana uraia wa nchi yoyote au ambao uraia wao haujulikani, nalo linakiri kuwa idadi halisi ni kubwa zaidi, maana serikali isiyotaka kumtambua mtu haina haraka ya kumhesabu. Mwaka 2017 shirika hilo lilisema kati ya wale wanaofahamika, zaidi ya asilimia 75 ni wa jamii za wachache: wenye dini nyingine, rangi nyingine, lugha nyingine. Ripoti ile iliwatolea mfano Waroma wa Macedonia, Wakarana wenye asili ya Bara Hindi walioko Madagaska, na Wamakonde wa Kenya. Takwimu hiyo ya asilimia 75 ndiyo inayoniondolea shaka. Kama kukosa uraia kungekuwa ajali ya makaratasi tu, ajali ingewapata watu wa kila aina.

Kwa Kenya, mlango ulifungwa hatua kwa hatua. Katiba ya uhuru, kwa lugha rahisi, iliwafanya raia moja kwa moja tarehe 12 Desemba 1963 wale waliozaliwa Kenya na ambao angalau mzazi mmoja naye alizaliwa humo. Wengine waliokuwa na haki ya kuomba walipewa miaka miwili wajisajili. Miaka miwili! Mkata mkonge wa Kwale, asiyesoma, anayelipwa kwa kipimo cha alichokata, angejuaje kwamba kuna dirisha limefunguliwa Nairobi na litafungwa mwishoni mwa 1965? Bado watoto wake wangeweza kupona kwa kuzaliwa tu kwenye ardhi ya Kenya. Mwaka 1985 hilo nalo likaondolewa: katiba ilirekebishwa kudai kwamba mzazi mmoja awe raia, na rekebisho likahesabiwa kuanzia siku ya uhuru. Kuanzia hapo kukosa uraia kukawa urithi, baba kwa mtoto, mtoto kwa mjukuu.

Kuna kejeli ya historia hapa ambayo siwezi kuipita. Karne iliyopita Mwafrika wa Kenya alipigania kuvuliwa karatasi. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ililazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, kikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa kuongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi, na watu wakapigwa risasi Nairobi kwa kudai aachiliwe. Miaka 94 baadaye Wamakonde waliandamana kwenda mji huohuo kuiomba karatasi.

Waliiomba kwa sababu leo bila karatasi hiyo hata simu huna. Laini haisajiliwi, na pasipo laini hakuna M-Pesa, na pasipo M-Pesa katika Kenya ya sasa hulipwi, hulipi, huchangi matanga. Washona wanaujua mkasa huo vizuri. Wazee wao walifika kutoka Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, miaka ya mwanzo ya 1960 wakihubiri Injili ya kanisa lao, wakatua pembezoni mwa Nairobi, sehemu za Githurai, Kinoo na Kiambaa, wakaishi kwa useremala na kusuka vikapu. Kwa miaka mingi pesa zao zilipita kwenye simu za majirani na akiba zao zikakaa kwa majina ya marafiki. Rafiki akiwa mwaminifu, sawa. Asipokuwa, utamshtaki wapi, nawe mahakamani unaulizwa kwanza wewe ni nani? Uraia wao ulitangazwa siku ya Jamhuri, Desemba 2020, na mwaka uliofuata zaidi ya Washona 1,600 wakapewa vyeti.

Kati ya visa hivi vyote vya Kenya, kile cha Wapemba ndicho kinachonigusa zaidi, labda kwa kuwa ni wa bahari yetu. Wapemba walianza kuhamia Pwani ya Kenya kwa wingi miaka ya 1930, wakifuata samaki na pepo. Walitia nanga Kwale, Mombasa, Kilifi, Lamu. Wengine walikuja wakiwa na hofu, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Lakini wale wa mwanzo, waliopandisha tanga kabla ya uhuru, hawakuvuka mpaka wa mtu. Mwambao wa maili kumi, kutoka Vanga kupanda kaskazini, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kwa mujibu wa mapatano ya 1895. Mwingereza aliusimamia tu. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka mwaka 1963. Mpemba aliyehamia Mombasa mwaka 1950 alitoka sehemu moja ya himaya ya bwana mmoja kwenda sehemu nyingine ya himaya ileile.

Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ambaye chama chake kilikuwa na mizizi Pemba, walibadilishana barua na Mwambao ukaingia Kenya. Serikali mpya iliahidi kulinda Waislamu na mahakama zao za kadhi. Lakini mtoto wa mvuvi, ambaye baba yake alizaliwa upande wa pili wa maji, hakukumbukwa na mtu Oktoba ile. Yeye hakuhama. Mpaka ndio uliohamia juu yake.

Miaka sitini iliyofuata Mpemba wa Kenya alivua kwa jina la mtu mwingine. Leseni inataka kitambulisho. Kuandikisha chombo kunataka kitambulisho. Basi chombo huandikwa kwa jina la mwenye karatasi, na mwenye karatasi ndiye anayekuwa na kauli kwenye bei. Askari akikuta watu kwenye diko, Mpemba ndiye anayekimbia, ingawa Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha askari. Mtoto wake anasoma mpaka mtihani wa taifa, kisha anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Wasichana wengine wakaandikishwa kwa majina ya koo za Kimijikenda ili wapite; uongo mdogo wa jirani mwema, ambao kisheria ni kosa la jinai kwa wote wawili. Januari 2023 Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuwatambua kuwa jamii ya Kenya, na Julai mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho mjini Kilifi, kwa shangwe na vigelegele.

Nami nilifurahi. Ila furaha ile ina mchanga ndani yake. Haki ambayo ingepaswa kutolewa dirishani na karani wa kawaida, siku ya kawaida, ilitolewa na Rais jukwaani. Wamakonde walitambuliwa miezi sita kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44 Julai 2017, wiki kama mbili kabla ya kura, ingawa wengi wao walikuwa raia tangu zamani na hawakuhitaji tangazo lolote ili wapige kura. Sisemi viongozi hao hawakuwa na nia njema. Nasema kitu kinachotolewa kama zawadi hushukuriwa kama zawadi, na aliyetoa zawadi hukumbusha. Familia ya Kimakonde ambayo jina lake halikuingia kwenye orodha ya 2017 haina pa kukata rufaa, maana zawadi haina rufaa.

Halafu hilo la kabila. Ili Mmakonde awe Mkenya ilibidi kwanza awe kabila lenye namba. Nchi ambayo viongozi wake kila jukwaa wanakemea ukabila imefanya kabila kuwa mlango wa kuingilia uraia. Anayejua historia ya jirani zetu hapaswi kuliona jambo hili kuwa dogo. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa vizuizini; neno moja kwenye kadi likawa hukumu ya kifo. Kenya si Rwanda. Hata hivyo, orodha ya makabila yanayokubalika inapotumika kuamua nani ni wetu, ni chombo ambacho kinaweza kushikwa na mkono wowote utakaokuja.

Waulize Wanubi. Babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakapigana ndani ya King's African Rifles, wakapewa ardhi ya msitu nje ya Nairobi, ndiyo Kibra ya leo. Zaidi ya karne imepita. Bado kijana wa Kinubi aliyefika miaka 18 alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya kupigwa msasa, mahojiano ambayo kijana wa Nyeri au Machakos hakuyajua. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa, kwamba Kenya ilikuwa imewabagua watoto wa Kinubi na kuwaacha bila uraia. Uamuzi ulikuwa mzuri. Msasa uliendelea.

Kaskazini mwa nchi ukawa mkali zaidi. Huko, njaa ilipobana, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali ziliingia kambi za Dadaab na kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Watoto wale walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilisoma alama za vidole na kuwatoa: mkimbizi. Wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 40,000 walinaswa hivyo, wakageuzwa wageni na unga waliokula utotoni. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo tena. Na mara nyingine tena, jukwaani.

Tanzania ina sura mbili kwenye jambo hili, na nitaanza na ile nzuri kwa sababu haisimuliwi vya kutosha. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hawakufungiwa kwenye mahema. Walipewa ardhi, wakalima, wakalipa kodi, wakailisha mikoa ya magharibi. Miaka ya 2007 na 2008 serikali iliwapa hiari: kurudi kwao au kuomba uraia. Waliokubaliwa walikuwa zaidi ya 162,000. Ni nadra nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Kisha vyeti vikakaa kabatini miaka minne, kwa kuwa mpango wa awali uliwataka wahame makazi yao na kutawanywa mikoani, na mikoa haikuwa na hamu. Oktoba 2014 sharti hilo liliachwa na vyeti vikaanza kutolewa.

Na huko Chogo, wilayani Handeni, kuna kisa ambacho kingefaa kufundishwa shuleni. Wasomali Wabantu waliokimbia vita vya Somalia walifika Tanga wakizungumza Kizigua. Mababu zao walikuwa watumwa waliosombwa kutoka pwani hiyohiyo katika karne ya 19. Wakimbizi walikuwa wamekimbilia nyumbani. Tanzania iliwapa uraia, na sijasikia mtu aliyejuta.

Sura ya pili ni ya Anudo Ochieng Anudo, aliyezaliwa Butiama, wilaya moja na Mwalimu Nyerere. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Polisi walitilia shaka uraia wake, wakashika pasipoti. Septemba 2014 akafukuzwa nchini, akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikasema huyu si wetu, ikamrudisha. Akabaki Sirari, katika kipande cha ardhi kati ya vizuizi viwili, mtu mwenye nchi mbili zinazomkana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Machi 2018 kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki yake ya uraia na kumfukuza kiholela. Majaji walisema jambo ambalo kila ofisa wa uhamiaji angepaswa kulibandika ukutani: mtu akiwa amebeba nyaraka za nchi maisha yake yote, ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba si raia, si juu yake kuthibitisha kwamba ni raia.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa ruhusa ya mtu binafsi kuipeleka moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mahakama bado iko Arusha. Mtanzania aliyeporwa uraia leo anaweza kupita mbele ya geti lake, na ndiyo basi.

Wanaodhani haya ni mambo ya wavuvi na wakata mkonge wakumbuke kwamba fimbo hii haina macho. Mwaka 1999 mahakama ya Zambia ilimtangaza Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi hiyo miaka 27, kuwa si raia wa nchi yoyote. Jambo hilo lilikuja kumalizwa baadaye. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilimwambia Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, kwamba si Mtanzania. Ukitaka kumnyamazisha mtu pasipo kumshtaki, muulize bibi yake alizaliwa wapi.

Ng'ambo ya maji, biashara imeingia. Nchi za Ghuba zina watu waitwao bidun, yaani wasio nacho, wakazi wa miaka mingi ambao hawakuandikwa siku mataifa hayo yalipozaliwa. Katika Falme za Kiarabu miongoni mwao wamo wenye asili ya Zanzibar, waliofika huko baada ya 1964. Badala ya kuwapa uraia, Falme za Kiarabu zilitafuta nchi maskini ya kuwanunulia pasipoti, na nchi hiyo ikawa Komoro, ambayo bunge lake lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi mwaka 2008. Makumi ya maelfu ya pasipoti zilitolewa kwa watu ambao hawajawahi kuiona Moroni na wasioruhusiwa kuhamia huko. Aliyekuwa bila karatasi akawa mgeni mwenye karatasi, na mgeni anaweza kufukuzwa. Mwaka 2012 mwanaharakati mmoja mzaliwa wa Falme za Kiarabu, baada ya kupewa uraia wa Komoro, alisafirishwa kwenda Thailand. Novemba 2022 rais wa zamani wa Komoro, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini kutokana na mauzo hayo. Wanunuzi hawakushtakiwa.

Kisa cha Warohingya wa Myanmar kinaonyesha mwisho wa njia hii unakofika isipozibwa. Sheria ya uraia ya 1982 ilijengwa juu ya orodha ya makabila ya asili, yaliyokuwapo kabla ya 1823. Yako 135, na Warohingya hawamo. Miaka 35 baadaye, Agosti 2017, jeshi lilichoma vijiji vyao na zaidi ya watu 700,000 wakavuka kuingia Bangladesh. Sheria ilitangulia, moto ukafuata. Nchi iliyoipeleka Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Novemba 2019 haikuwa kubwa. Ni Gambia, na mwanasheria mkuu wake wa wakati huo, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha. Alipotembelea kambi za Cox's Bazar huko Bangladesh na kuwasikiliza wakimbizi, alisikia aliyokwisha kuyasikia. Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar kuwalinda Warohingya waliobaki. Julai 2022 ikayatupa mapingamizi yake ya awali.

Jamhuri ya Dominika haikuchoma kijiji. Septemba 2013 Mahakama ya Katiba iliandika hukumu inayorudi nyuma hadi mwaka 1929, na watoto na wajukuu wa wakata miwa kutoka Haiti, zaidi ya 200,000 kwa makadirio, wakaamka si raia. Wakata miwa kule, wakata mkonge huku. Mashamba makubwa yalitaka mikono, yakapata mikono, halafu mikono ikazaa watoto wenye midomo.

Kuna kundi jingine ambalo halina hata kabila la kulisemea: watoto wa mama. Katika nchi zaidi ya 20 mama hana haki sawa na baba ya kumrithisha mtoto uraia. Orodha hiyo inazo Kuwait, Qatar na Falme za Kiarabu, nazo Somalia na Burundi. Mama wa Kirundi aliyezaa na mgeni anaweza kubaki na mtoto wa nchi isiyojulikana. Kenya ilijisahihisha kwa katiba ya 2010. Nchini Tanzania mtoto hana tatizo kwa mama, lakini mume ana tatizo: mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa, mume mgeni wa Mtanzania hawezi kwa mlango huo. Nimesikia wanaume wakiitetea sheria hiyo kwa hoja ya usalama wa taifa. Kwa hesabu yao, majasusi wote ni wanaume.

Kumaliza tatizo hili hakuhitaji fedha nyingi wala akili ya ajabu. Kirgizstani, nchi ya milima huko Asia ya Kati, ilibaki na maelfu ya watu wasio wa nchi yoyote baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Mawakili wakiongozwa na Azizbek Ashurov, pamoja na maofisa wa serikali, waliwafuata vijijini kwa magari makuukuu na pasipofika gari kwa farasi. Hawakumwambia mtu aende akailete karatasi. Waliitafuta pamoja naye. Julai 2019 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kutangaza kwamba imewamaliza wote iliowajua, zaidi ya 13,700.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki ya uraia Februari 2024, na sasa inasubiri nchi ziridhie. Wakati huohuo Kenya inampa kila mtoto anayezaliwa namba ya utambulisho iitwayo Maisha Namba, ambayo itamfuata mpaka kaburini. Mfumo wa namna hiyo ukiwa na ukoo wako ndani, unakurahisishia maisha. Usipokuwa nao, huna hata karani wa kumbembeleza.

Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 iliwahi kufungua njia ya kawaida, isiyohitaji jukwaa, kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote walioishi nchini tangu uhuru, kwa wahamiaji wa kabla ya uhuru na kwa vizazi vyao. Ilipewa miaka mitano, ikaongezwa mitatu, ikafungwa Agosti 2019 wakati wengi hata hawajasikia kwamba ipo. Bado wapo wenye asili ya Rwanda, Burundi na Kongo, ambao babu zao waliletwa na Mwingereza kuchuma chai Kericho na Nandi. Bunge likitaka linaweza kufuta ukomo wa tarehe kwa marekebisho ya vifungu vichache. Kwa sasa mjukuu wa mchuma chai anayefika miaka 18 mwaka huu hana fomu iliyoandikwa kwa ajili yake, na uchaguzi uko 2027.